Kamba Nyekundu kwenye Bidoni Sita

Kuna siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo ikinijia kichwani naacha chochote ninachofanya, hata kama mboga ya sombe iko motoni inaungua. Keti hapa nikusimulie. Jana nilikuona umerudi kutoka Kavimvira, na ile jile yako, kizibao cha kamati ya maji, umeikunja kwapani kama kitu cha kuiba. Nimesikia walivyokufanyia. Ulitangaza kwamba mabomba yatafungwa siku tatu ili mafundi watengeneze, wakakuzomea. Na leo asubuhi dada yako kanisomea tangazo lako jipya kwenye simu, halisemi tena siku tatu, linasema maji yatarudi "karibuni". Nikamaliza uji wangu, lakini huo uji haukushuka vizuri.

Basi sikiliza. Nilikuwa na umri kama wako, na mtaani waliniita Mapendo wa dawa. Mvua zilikuwa zimeshusha matope kutoka milimani siku nyingi mfululizo. Mto ambamo ofisi ya maji inachota ukageuka rangi ya chai ya maziwa, mashine zikasimamishwa, mabomba yakakauka mtaa mzima. Watu wakarudi ziwani na bidoni zao, yale madumu ya plastiki. Ziwa letu ni zuri kwa macho na kwa dagaa wake, ndagala, lakini wewe mtoto wa Uvira huhitaji kuelezwa kipindupindu kinakaa wapi. Kwa hiyo ofisi ikaweka vituo ufukweni. Kila kituo kilikuwa na ndoo ya klori iliyokwisha kuchanganywa, sindano ya plastiki isiyo na ncha, na kijana mmoja wa kutia dawa katika kila bidoni inayotoka majini. Kituo cha kwetu nilipewa mimi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Bidoni inapita mbele yako, unavuta dawa kwa sindano, unaitia, kisha unafunga kamba nyekundu kwenye mkono wa bidoni na kumwambia mwenyewe asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kesho yake anakurudishia kamba. Ile kamba ndiyo iliyokuwa inasema kila kitu nyumbani. Hata mtoto asiyejua kusoma alijua kwamba bidoni yenye kamba ni ya kunywa, na isiyo na kamba ni ya kufulia na kuoshea vyombo. Tena mimi ndiye niliyekuwa napeleka habari za ofisi: mto umefikia wapi, mashine zitawashwa lini, mtaa gani utapata maji kwanza. Watu walikuwa wananingoja niseme. Sitakuficha, kichwa kilivimba.

Aliyenisimamia ni mzee mmoja wa Luvungi, Papa Kashindi. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa linachoma mawe. Kila alfajiri yeye ndiye aliyepima unga wa dawa kwa kijiko na kuuchanganya, halafu akaondoka kukagua vituo vingine. Hakuwa mtu wa mzaha. Nilimwogopa kidogo na kumcheka sana, na akishageuka tu nilikuwa naiga mwendo wake wanawake wakacheka mpaka wakamwaga maji.

Sasa nikuambie juu ya Mama Nabintu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado natambaa, na aliyenibeba mgongoni ni mdogo wake, huyo Nabintu. Nilimwita mama mudogo, lakini mama mwingine sikumjua. Mdomo wake ulikuwa mkali, na mkono wake laini kuliko wote. Alikuwa na binti mmoja, Furaha. Mimi na Furaha tulilala mkeka mmoja, tukala sahani moja, tukapigwa siku moja kwa kosa moja. Na juma hilo Furaha alikuwa anaolewa. Mchumba alikuwa kijana wa Rurambo, huko milimani, kwao ni wafugaji. Harusi Jumamosi.

Siku ya Jumanne asubuhi mama mudogo akaja ziwani na wanawake wawili wa kumsaidia na bidoni sita za njano. Akanisogelea karibu kabisa.

"Mapendo, hizi sita usiguse. Ni za kasiksi."

Unajua kasiksi inavyotengenezwa: ndizi zilizoiva zinakamuliwa na majani, maji yanaongezwa, unga wa mtama uliokaangwa unatiwa, kinywaji kinafunikwa mpaka kichache. Na wanawake wa kwetu wote walikuwa wanasema kwamba maji yenye dawa yanaiua kasiksi, haichachi ng'o.

"Mama mudogo, siwezi," nikamwambia. "Papa Kashindi atasema nini?"

"Papa Kashindi iko wapi hapa? Minye simuone. Weye unajua ile kasiksi ya ndoa kwa Mama Bitisho? Ilikataa. Watu walikunywa maji ya ndizi, wakamucheka mwaka muzima. Unataka watu wa Rurambo waje kunicheka na minye? Nilikubeba mu mugongo, leo unanikatalia maji ya ziwa? Ziwa ni ya baba yako?"

Foleni ikaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nikasema moyoni, si ya kunywa, ni ya kuchachusha, itadhuru nani? Lakini wanawake waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Kwa nini zake zipite? Wao pia wana sherehe, wao pia hawaipendi ile harufu. Nikaona aibu inakuja, kwangu na kwa mama mudogo. Basi nikachukua sindano tupu, nikaichomeka kwenye mdomo wa kila bidoni, nikabonyeza kama kawaida, na kwenye kila mkono nikafunga kamba nyekundu. Zote sita. Mama mudogo akanikonyeza jicho na kwenda zake.

Hilo ndilo kosa langu, na nataka ulitazame vizuri. Sikulifanya kwa chuki wala kwa uvivu. Nililifanya kwa sababu nilimpenda yule mama na nilitaka watu wote waliosimama pale waendelee kunipenda.

Ndizi zikatoka chache kuliko alivyotegemea, kwa hiyo kasiksi ilichukua bidoni nne tu. Mbili zikabaki uani. Mama mudogo, na shughuli zile za harusi, akasahau kabisa kuzitenga. Akaenda mpakani kutafuta vitenge, na nyumbani akabaki wifi yake, Mwamini, aliyekuwa amekuja kusaidia kupika. Mwamini akaona bidoni mbili zenye kamba nyekundu. Wewe ungefanya nini? Akazipeleka jikoni, akajaza mtungi wa kunywa.

Alhamisi asubuhi Furaha hakuamka. Kabla jua halijapanda macho yake yalikuwa yameingia ndani, na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda anafua. Wakamweka kwenye kiti, wanaume wanne wakambeba mbio mpaka kituo cha kutibu kipindupindu. Mimi nilikuwa kazini ufukweni, na habari ikanifikia kwa kinywa cha Mwamini mwenyewe, aliyekuja analia huku anamwambia kila aliyekutana naye.

"Ilikuwa na kamba! Minye nilimupa maji ya kamba, mutoto wa watu! Ilikuwa na kamba!"

Nilijua palepale. Nikaketi juu ya jiwe. Unadhani nilisimama nikasema? Sikusema. Nilijiambia labda ni samaki, labda alikula kitu alicholetewa kutoka mpakani, labda amekwisha kupona. Nikavuta dawa kwa sindano nikatia katika bidoni iliyofuata, kama mtu mwenye akili zake.

Lakini maneno ya Mwamini yalikimbia kuliko yeye. Haikupita muda mwanamke mmoja akavuta bidoni yake pembeni.

"Acha," akasema. "Dawa yenu ni ya bure, haisaidie kitu. Kwa Nabintu walikunywa ya kamba, sasa wako wanakufa. Afadhali ziwa yenyewe."

Wa pili akafuata, na wa tatu. Mwingine akasema dawa yenyewe ndiyo inayoleta kolera, ofisi inatujaribia kama panya. Nikabaki nimeshika sindano, na bidoni zinapita mbele yangu vichwani mwa watu, maji mabichi ya ziwa yakienda nyumba kwa nyumba, kwa wazee na watoto wachanga ninaowajua kwa majina. Mtaa wote ule ulikuwa unakwenda kunywa ugonjwa, na mwenye kuweza kuwazuia ni mimi tu.

Ndipo akaja Papa Kashindi. Hakunigombeza. Alichuchumaa kando ya ndoo, akafungua kopo la unga, akapima kijiko, akakirudisha, akapima tena. Akavua miwani akaifuta na shati.

"Mapendo," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "pengine ni macho yangu. Niko nazeeka. Pengine Jumanne nilipima vibaya. Kama ni minye, nitaenda kusema ku ofisi leo hii, watafute muntu mwengine."

Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na watoto mgongoni. Sijui kama kuna kitu kiliwahi kuniuma kama kumwona yule mzee mwaminifu anajishuku mwenyewe kwa kosa langu.

"Siyo weye, Papa," nikasema. "Ni minye."

Nikamweleza yote, kasiksi, sindano tupu, kamba. Nilingoja matusi. Yeye akauliza jambo moja tu.

"Bidoni zilikuwa sita. Zile zilizobakia ziko wapi sasa?"

Sikuwa nimefikiria hata kidogo. Nilikuwa nimefikiria aibu yangu na kazi yangu, lakini mtungi uliokuwa bado umesimama kwenye ile nyumba sikuufikiria.

Tulikimbia. Kofia yake ilianguka njiani wala hakugeuka kuiokota. Tulipoingia uani kwa mama mudogo tukakuta wazee wanne wameketi kwenye benchi, wakwe kutoka Rurambo. Walikuwa wameanza kushuka mlima kabla ya mapambazuko kuja kwenye harusi, na habari ya ugonjwa wameikuta mlangoni. Vumbi limewajaa mpaka kwenye nyusi. Na Mwamini, kwa heshima ya wageni, alikuwa ameshawapa kila mmoja kikombe cha maji. Mmoja alikuwa ameinua chake.

"Musikunywe!" nikapiga kelele. "Musikunywe!"

Kikombe kikasimama hewani. Papa Kashindi akaenda moja kwa moja jikoni, akautoa mtungi, akayamwaga maji yote chini. Watu wakaanza kumkemea. Wakasema anaficha uchafu wa dawa yake. Yeye alinishika bega akanisukuma mbele.

"Sema," akasema. "Minye nikisema, watadhani niko najitetea."

Nikasema. Mbele ya wakwe, mbele ya Mwamini, mbele ya majirani waliojaa langoni. Nilisema kwamba zile bidoni sita hazikuwa na dawa hata tone, na kamba nilizifunga mimi. Mwamini akaketi chini akajifunika uso. Na nilipogeuka nikamwona mama mudogo amesimama langoni, ametoka kituoni kuchukua nguo za mgonjwa, amesikia yote. Nilijua atanipiga, na nilitamani anipige.

"Nilimuomba minye," akasema mbele ya wote. "Yeye alikatala, nikamulazimisha. Musimuachie peke yake."

Mkubwa wa wale wakwe akaweka kikombe chini taratibu. "Bibi arusi iko muzima?" akauliza.

"Iko na serumu mu mushipa," mama mudogo akajibu.

"Basi tutangoja," akasema.

Papa Kashindi hakunipa nafasi ya kulia. Tulitoka hapo tukaanza mlango kwa mlango, barabara moja baada ya nyingine, na kila mlango nilisema maneno yaleyale. Jirani mmoja mzee tulimkuta tayari ameshikwa, maana alikuwa amekunywa kutoka mtungi uleule siku ya Jumatano, na kwa sababu tulifika mapema akapelekwa akatibiwa akapona. Kwingine walinitukana. Mama mmoja alifunga mlango usoni pangu, halafu akaufungua tena ili anitukane vizuri. Katikati ya njia nilichoka, nikamwambia Papa Kashindi kwamba nyumba zilizobaki watasikia wenyewe kwa majirani. Akasimama, akanitazama kwa ile miwani yake ya uzi.

"Dawa ikipunguka, ofisi inatuma ingine," akasema. "Watu wakiacha kuamini kamba, nani atatutumia ingine? Twende."

Hayo ndiyo makemeo yote niliyopata kwake, maisha yangu yote. Tulikwenda mpaka nyumba ya mwisho, na jioni, jua halijazama bado, niliona wanawake wamerudi ufukweni wamepanga bidoni mbele ya ndoo. Aliyekuwa anatia dawa ni Papa Kashindi, si mimi. Sindano aliichukua na hakunirudishia mpaka mwezi ulipokwisha, na hakukosea.

Furaha alikuwa kati ya kufa na kupona siku mbili. Ijumaa alasiri nikaruhusiwa kuingia. Alikuwa amelala ubavu, mdogo kama mtoto.

"Ni kweli ulifunga weye?" akauliza.

"Ni minye."

Akageuka ukutani. Nikakaa pale kwenye kigoda sijui niende au nibaki. Kisha akasema bila kunitazama kwamba ana kiu. Nikamimina kikombe kutoka bidoni ya kituo, nikamshika kichwa nikamwinua. Akakitazama kile kikombe. Akanitazama mimi.

"Hii iko na dawa?"

Dada yangu wa mkeka mmoja, mwanangu, ambaye hakuwahi kuniuliza kitu kabla ya kupokea kwangu chakula wala siri. Siku ile aliniuliza.

"Iko nayo," nikamwambia. "Nimeona kwa macho ikitiwa, na nusu saa imepita."

Akanywa, kidogo kidogo, mpaka kikombe kikaisha. Nilimlaza nikatoka nje nikalia mpaka mlinzi akadhani kuna aliyekufa.

Hakufa. Wakwe wa Rurambo walingoja kama walivyosema, na harusi ikafungwa majuma matatu baadaye, bibi arusi mwembamba na gauni limepunguzwa kwa pini. Kasiksi ile ilichacha vizuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa mtaa ule, na hakuna mtu aliyeigusa. Mama mudogo aliimwaga nyuma ya choo akiitazama kwa huzuni kama anazika, na wageni wakanywa chai. Leo Furaha ana wajukuu huko juu, na akishuka kuja kunitembelea tunacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini nikimpa maji, mpaka leo, anatazama kwanza ndani ya kikombe. Yeye mwenyewe hajui kwamba anatazama. Sijawahi kumwambia.

Sasa nikuambie nilichokuitia. Mambo ya maji hapa kwetu hayajapungua ugumu. Mmewekewa matangi na mabomba mapya, na mimi nafurahi, lakini milima juu yetu inazidi kuwa wazi na mito inashuka na matope na mawe kila msimu. Ziwa nalo limepanda, lile jiwe nililoketi siku ile liko chini ya maji sasa. Utakuwa na habari mbaya za kupeleka mara nyingi kuliko nzuri. Siku maji yakitoka watakupenda, wataimba jina lako. Siku ukisema yanafungwa, watakuzomea kama jana. Usiogope kuzomewa. Waliokuzomea wamekasirika kwa sababu wamekuamini, na aliyekuamini, hata akikutukana, jioni yake anajaza mapipa.

Lakini tangu umeandika "karibuni", kuna mama Kavimvira ambaye hakujaza kitu. Anangoja hiyo karibuni yako. Siku ya pili atamtuma mtoto ziwani na bidoni.

Kwa hiyo, mwanangu, habari ya maji iseme nzima kama ulivyopewa. Ikiwa ni siku tatu, sema tatu. Maji yakitoka machafu siku ya kwanza, sema ni machafu, wasiyanywe. Usilolijua, sema hulijui, utauliza. Na watu wako wa damu, mimi nikiwa wa kwanza, nikija kukuomba unipitishie kitu kwa sababu nimekulea, nikatalie. Nitakutukana, mdomo ninao. Wewe nikatalie, kisha uje ule nyumbani kama kawaida.

Basi leta hiyo simu, andika siku tatu, na jile uivae, usiikunje tena. Mungu wa mama zetu akuongoze mlango kwa mlango. Akupe ngozi ngumu ya kubeba matusi na moyo laini wa kuwarudia waliokutukana. Akulinde wewe na mafundi wako na mto na ziwa. Na siku utakaposimama mbele ya watu ukasema "kunyweni", wanywe, wala asiwepo hata mmoja wa kutazama kwanza ndani ya kikombe.